Mluzi wa Kifuniko

Dada Irmgard,

Milima yote hii ya Rhön hakuna mwenye bahati kama kaka yako. Majuzi ndege yetu isiyo na injini ilivunjika bawa angani, nikatua kwa parachuti katikati ya ng'ombe, wakaniamkia. Jumapili naruka tena.

Rubani mwenzangu Volkmar alichukia mluzi wa upepo kwenye kifuniko cha kioo juu ya viti vyetu, akaziba ukingo wote kwa utepe wa gundi. "Tulia, mzee, leo utasikia mawingu yakikoroma," akaniambia. Bawa lilipovunjika, tukavuta mpini mwekundu wa kukifungua kwa dharura, kifuniko kiling'ang'ania. Tukakisukuma kwa magoti hadi kikang'oka. Nilitoka mimi kwanza. Yeye ardhi ikamwahi kabla parachuti yake haijafunguka.

Siku hizi birika likianza kupiga mluzi nalizima, nakunywa chai ya uvuguvugu.

Jumapili siruki, dada. Nimekudanganya.

Kakako,
Detlef