Bogenvilia Ikichanua

Majengo, Mpanda
14 Julai 1995

Mdogo wangu Josephina,

Habari za huko Sibwesa? Fabiani na watoto hawajambo? Na Mama, goti lake linaendeleaje? Sisi wazima, ila mume wangu Makarius anakohoa vumbi la stesheni. Barua hii nampa Methusela wa lori la mahindi. Akirudi mpe jibu.

Naandika kwa sababu ya bogenvilia. Unakumbuka ubatizo wa mwanao? Nilimwomba Mama ahamie kwangu, akaenda kwenye ile ya hapo kwako, akakata kijiti, akasema mbele ya wote, "Ipande. Siku ikichanua, nitakuja kukaa kwako." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Huu ni mwaka wa tatu. Chumba kiko tayari, kitanda, chandarua, na dirisha linaangalia bogenvilia yenyewe, pale kivulini karibu na bomba. Majani tele, ua hata moja hakuna. Jirani yangu Goreth ananiuliza kama ni mchongoma.

Yako nasikia inawaka mpaka watu wa barabarani wanaiona. Unaifanyia nini? Na usinifiche. Tangu Baba afariki ni miaka sita, na miaka yote sita Mama yuko kwako. Mimi pia alinizaa.

Dada yako,
Generosa

Sibwesa
3 Agosti 1995

Dada Generosa, shikamoo.

Barua imefika, na sukari pia, asante sana. Goti la Mama ni lile lile, jumuiya anakwenda kwa fimbo. Mahindi tumevuna, ingawa nguruwe pori walitutangulia.

Kuhusu bogenvilia, nafikiri yako ina njaa. Weka samadi, debe zima, na maji asubuhi na jioni. Usiionee huruma.

Mama anakusalimu. Kila mgeni anayeingia hapa anaonyeshwa picha yako ya harusi. Ile kanga uliyomletea anaivaa kanisani tu, akirudi anaikunja. Niliyompa mimi ameifanya ngata ya kubebea maji. Silalamiki, nakuarifu tu.

Mdogo wako,
Josephina

Majengo
19 Februari 1996

Josephina,

Hamjambo? Sisi hatujambo. Nilifuata ulichosema. Madebe mawili ya samadi nimeyabeba kichwani kutoka Kashaulili, mimi mke wa mtu wa reli, watu wananiangalia. Maji asubuhi na jioni. Sasa imepita bati. Maua, hakuna.

Krismasi Makarius alikuja huko kumchukua Mama, akarudi peke yake. Mama alimtuma hivi, "Mwambie bado haijachanua." Hivi ni mama gani anamwekea mtoto wake sharti la mti? Nakuonea wivu, Josephina, bora niseme. Kila anayetoka huko ananisimulia jinsi Mama anavyokaa jikoni kwako akichambua mboga. Mimi ndiye niliyefika darasa la saba, mimi ndiye mwenye bati na bomba, na mboga anachambua kwako! Wakati mwingine nawaza kile kijiti ulikichagua wewe, kibovu.

Dada yako,
Generosa

Sibwesa
9 Juni 1996

Dada yangu, shikamoo.

Nimekaa na barua yako karibu miezi minne. Baada ya Pasaka Mama aliugua malaria. Amepona, usishtuke. Lakini siku tatu homa ilimchanganya kabisa. Nilimkanda mimi, uji nilimnywesha mimi, naye akanishika mkono akasema, "Generosa, umekuja." Nikaitika. Ningefanya nini?

Dada, nilikudanganya. Bogenvilia ikishiba inaota majani tu. Mama alinifundisha zamani kwamba haitoi maua mpaka ione kiu. Yangu iko kwenye changarawe nyuma ya zizi, hakuna aliyewahi kuimwagilia. Sasa ni kiangazi. Acha maji, acha samadi, ondoa kinachoizibia jua. Itanyauka, usiogope.

Haya niliyajua siku zote. Nilitaka isichanue, kwa sababu ikichanua ataondoka, na nilijua ataondoka anacheka.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Josephina

Majengo
27 Juni 1996

Josephina,

Mwaka jana mwagilia, mwaka huu acha. Kwanza ulininyima maua, sasa unataka niikaushe kabisa ili Mama asipate sababu ya kuja! Mimi si mtoto mdogo. Nimeongeza na ndoo ya mchana.

Na kama Mama aliugua, mbona nasikia baada ya miezi miwili? Alikuwa ananiita mimi. Ningekuja hata kwa miguu.

Salamu kwa Fabiani. Wewe usiniandikie tena.

Generosa

Majengo
8 Oktoba 1996

Mdogo wangu Josephina,

Hujambo? Nimelifuta neno hilo mara mbili, nimeliandika tena.

Mwisho wa Julai mashine ya maji ya mtaa wetu iliharibika. Bomba kimya miezi miwili. Tulichota kisimani kwa foleni, ya kupikia na ya kuoga, na Makarius akakataa katakata hata kikombe kisiende kwenye mti. Akakata na lile tawi la mpera lililokuwa linaufunika, apate kuni. Nikaiangalia bogenvilia yangu inanyauka. Majani yakapukutika yote. Nililia, nikasema Josephina amepata alichotaka.

Wiki iliyopita Goreth akaniita uani. Jani halionekani, Josephina, ni maua matupu! Zambarau mpaka juu ya bati.

Basi ulisema kweli, ile mara ya pili. Ya kwanza bado inaniuma. Jumamosi tunakuja kumchukua Mama. Nabeba tawi alione mwenyewe.

Dada yako,
Generosa

Sibwesa
1 Novemba 1996

Dada, shikamoo.

Mlifika salama? Mama anakula? Jioni usimpe maharage. Alipanda lori anacheka, kama nilivyosema. Nilisimama nikingoja ageuke, hakugeuka.

Watoto wanamuuliza bibi yao. Mimi bado nasonga ugali mkubwa, unabaki. Mboga nachambua peke yangu. Ule wivu wako nafikiri uliushusha hapa kwangu, ukarudi mjini bila huo.

Niandikie, hata mistari miwili.

Mdogo wako,
Josephina

Majengo
23 Novemba 1996

Mdogo wangu Josephina, marahaba.

Mama hajambo, anakula, na goti limepungua. Haya mengine yasome ukiwa umekaa.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya bogenvilia, akaishika, akasema, "Umeweza." Majengo nzima hapakuwa na mtu mwenye furaha kama mimi. Siku moja tu. Tangu hapo ni Josephina. Josephina haweki majani mengi hivi kwenye chai. Josephina hanitoi jikoni kama mgeni. Wageni wote wanasimuliwa jinsi ulivyomuuguza siku tatu ukaitika jina lisilo lako. Kumbe alikuwa anajua ni wewe. Na ile kanga yangu ya kanisani, leo ndiyo ngata. Ya kwako, hilo tambara, anaifua kwa mkono wake na kuiweka chini ya mto.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Mama, mimi nimekukosea nini?" Akanishangaa kweli. "Wewe si uko hapa?"

Nimefikiria sana ile miaka yako na Mama, na picha yangu ya harusi.

Njoo Krismasi na watoto, mkae naye hapa hapa. Usije kumchukua. Amesema maua haya yakiisha nimrudishe kwako, na mvua imeanza Jumanne. Nimefunga turubai upande unaopigwa, Goreth ananicheka. Yanadondoka hata hivyo. Asubuhi nayafagia kabla Mama hajaamka.

Usimwambie.

Dada yako,
Generosa