Shangazi Yangu Mwenye Macho Matano

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama umesimama tafadhali kaa, maana mimi mwenyewe nakuandikia nimesimama, nimejificha stoo ya ofisi katikati ya rafu za fomu, sijui ni kwa furaha au kwa hofu, nadhani ni vyote viwili.

Mimi ni karani wa mfuko wa bima ya afya wa serikali, huu mwaka wa sita, na kazi yangu ni macho ya kulia. Usicheke. Kwetu fomu za upasuaji wa macho zinagawanywa kwa meza: za jicho la kulia zinakuja kwangu, za kushoto zinakwenda kwa mwenzangu anayekaa dirishani, ndivyo tulivyoikuta kazi na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Kliniki ikishamtoa mtu mtoto wa jicho inatuletea fomu ili ilipwe, nami naangalia kama saini ipo, tarehe ipo, alama ya kidole cha mgonjwa ipo, basi, nagonga muhuri, fomu inashuka stoo na sisi tunakwenda kunywa chai. Fomu zenyewe hazina jina wala picha, ni namba ya uanachama tu, eti tusije tukapendelea ndugu zetu.

Sasa mwaka huu serikali imeamka. Imeleta kompyuta mpya, imeunda kitengo cha kusaka udanganyifu kwenye matibabu, tukaamriwa tupandishe humo fomu zote za miaka miwili ili hospitali nazo zizione, na mwenzangu wa macho ya kushoto ndiyo kwanza kajifungua, yuko likizo, kwa hiyo meza zote mbili zikaniangukia mimi. Nikasema ngoja nizipange kwa namba za wanachama badala ya tarehe, nimalize mapema. Mshauri, alasiri ile sitaisahau! Namba moja ikanijia jicho la kulia, ikaja kushoto, ikaja kulia tena, nikadhani nimechanganya, nikaanza upya, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mtu mmoja, kliniki moja, macho matano! Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia. Mara nikamwona mwingine mwenye manne, mwingine matatu, nikavua viatu nikakimbia koridoni peku hadi kwa mkuu wa kitengo, bwana ambaye hata salamu huitikia kwa nyusi, akazitazama zile fomu, akainuka kitini, akanipa mkono.

Kufika Ijumaa tulikuwa na watu arobaini na wanne, wote wa kliniki hiyo hiyo moja. Mkuu akaanza kuniita Darubini mbele za watu! Akasema Alhamisi ijayo wakaguzi na polisi wanaingia kliniki na mimi nitakuwa ndani ya gari la kwanza. Mimi, ambaye sijawahi kutumwa hata semina.

Kilichobaki kilikuwa kuchapisha jalada la kila mwanachama, safari hii na jina na picha. Nikaanza na bingwa wangu wa macho matano. Picha ikafunguka taratibu kutoka juu, kilemba, paji la uso, kisha uso mzima, na futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni. Shangazi yangu. Dada yake baba, fundi cherehani, aliyenichukua nikiwa darasa la tatu akanilea na kunishonea sare mpaka nikamaliza shule, na mpaka leo akiniona anakagua pindo la sketi yangu kabla hajaitikia shikamoo. Nilikaa nikaitazama ile picha hadi kioo kikazima chenyewe.

Jumamosi nikamwendea kibandani kwake. Nikajifanya napita tu.

"Shangazi, ulishawahi kupasuliwa jicho?"

"Nani, mimi? Nipasuliwe jicho halafu nishone kwa pua?"

"Na ile kliniki ya macho unaijua?"

"Aa, wale! Wana adabu wale, we acha tu. Wanapita hapa kwa mafundi wote kila baada ya miezi kadhaa, wanahakiki kadi, unaweka kidole kwenye kimashine chao, wanakupa miwani nyeusi bure. Si ndiyo ile niliyokupa ukaendea harusini? Nimegawa mpaka nimechoka."

Mshauri, miwani nyeusi ile ndiyo anayopewa mtu akitoka kupasuliwa jicho, na mimi nilipiga nayo picha!

Halafu akanisogezea sindano. "Hebu nitungie uzi, mwanangu. Hili la kushoto limeingia ukungu, siku hizi hata sindano namwomba jirani. Nilikwenda hospitali kubwa juzi, dirishani wakaniambia kompyuta inasema nilishapasuliwa, bima hailipii jicho moja mara mbili. Nikajua wamenichanganya na mtu, nikarudi zangu."

Nikatunga uzi, nikamrudishia sindano, nikaaga. Leo Jumatatu asubuhi nimefika ofisini kabla ya wote nikalichomoa jalada lake, liko kwenye droo yangu chini ya biskuti, na mkuu aliponiuliza mbona wako arobaini na watatu nikamwambia nilihesabu vibaya, akanipigapiga begani, akasema hata darubini huingia vumbi. Mshauri, kidole ni chake kweli, mara tano, wakimkamata kama mshirika wao nitamwambia nini baba yangu? Na muhuri ulio juu ya yale macho matatu ya kulia ni wangu. Lakini nikisema ukweli si ndiyo mwisho wa gari la kwanza, na pengine mwisho wa kazi? Naogopa, na bado nikikumbuka jinsi wezi wale wanavyokwenda kunaswa moyo unaruka. Niambie nifanye nini, nami nitafanya.

Wako, Darubini

JIBU

(Jibu hili nilimtumia mwandishi wa barua kwa simu siku ile ile. Gazetini linatoka leo, msako umekwisha, maana sikutaka mwenye kliniki alisome kabla ya wakaguzi.)

Darubini, mwanangu, nilikaa kama ulivyoniomba, nikafika kwenye jicho la tano nikajikuta nimesimama. Hongera! Miaka miwili fomu hizo zimelala stoo na hakuna aliyeziona, umekuja kuziona wewe kwa sababu ulitaka kuwahi nyumbani. Furahi, ni haki yako. Kisha njoo hapa nikuchape.

Umelichomoa jalada. Unafanya kazi kwenye ofisi inayosaka watu wanaochezea karatasi za wagonjwa, na jambo la kwanza ulilofanya ulipobanwa ni kuchezea karatasi ya mgonjwa. Kisha ukamdanganya mkuu wako usoni. Hujafanya hivyo kwa tamaa, nalijua hilo, ila mkaguzi akilikuta chini ya biskuti zako hatakuuliza habari za upendo.

Hebu fikiri walau dakika moja kama karani unayejua kazi yako. Msako ukiisha, kitengo chenu kitafanya nini na ile orodha? Kitapita jina kwa jina, kufuta upasuaji ambao haukufanyika, ili kompyuta iwajue watu hao kama walivyo. Jina lisilokuwemo halitafutwa kitu. Arobaini na watatu watarudishiwa macho yao, na fundi mmoja tu, yule aliyekushonea sare, atabaki na macho matano kwenye kompyuta na ukungu jichoni, na atakayekuwa amemfanyia hivyo ni wewe. Dirishani wameshamrudisha mara moja. Unataka wamrudishe mpaka lini?

Unaogopa atakamatwa. Mimi si mwanasheria, sitakuahidi kitu nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba mama aliyeombwa kuhakiki kadi, akahakiki, akapewa miwani akaigawa kwa ndugu mchana kweupe, hana sura ya mwizi. Ukimficha ndipo unampa sura hiyo. Mtu akifichwa, kila mtu anauliza kafanya nini.

Na wale wengine je? Wako mafundi kibao kwenye vibanda vile waliotoa vidole kwa kuamini. Nani kati yao ana mtoto wa kaka anayekaa kwenye meza ya macho? Hawana mtu, wana orodha yako tu. Shangazi yako ndiye anayeweza kuwaambia wakaguzi ni akina nani waliokuja na kimashine, walisema nini, walirudi mara ngapi. Bila yeye, mwenye kliniki atasema wagonjwa walifika wenyewe, vidole hivi hapa, na mtabaki mnatazamana.

Sasa sikiliza, na usiniandikie tena kabla hujamaliza. Toka huko stoo. Lichukue jalada, nenda kwa mkuu, mwambie kwa mdomo wako: huyu ni shangazi yangu, nililificha tangu asubuhi, nimelirudisha, naomba mtu mwingine alishike maana mimi ni ndugu. Usianze kulia kabla hujamaliza sentensi. Hapo hapo mwambie kuhusu muhuri wako, na uandike karatasini jinsi fomu za kulia na kushoto zilivyokuwa hazikutani, meza hii haijui ya pili. Kliniki ile iliijua meza yako kuliko ulivyoijua wewe, na wakubwa wakilisoma hilo huenda wakaacha kugawa watu vipande vipande. Ukipewa onyo, lipokee. Ukitolewa kwenye gari la kwanza, panda la pili, na kama nalo limejaa baki ofisini, wezi watanaswa tu hata kama hukukaa dirishani.

Halafu mwombe mkuu barua ya kumpeleka shangazi hospitali ya serikali kesho asubuhi. Daktari wa macho ataangalia kwa taa yake, ataona lenzi aliyozaliwa nayo, ile ambayo mtu akipasuliwa huondolewa, bado iko mahali pake, kulia na kushoto, na ataandika kwamba macho haya hayajawahi kuguswa na kisu. Ushahidi gani tena mnautaka? Cheti hicho kimoja kinaiumbua kliniki, na daktari huyo huyo anaweza kumpangia siku ya kutolewa ukungu. Zile miwani zikusanyeni, hata hiyo yako ya harusini.

Leo jioni mweleze shangazi yako kila kitu, asisikie kwa majirani. Atakufokea. Atasema ulikuja Jumamosi ukakaa kwenye benchi lake ukamtungia uzi huku unajua, na atakuwa na haki, usijitetee hata kidogo. Kisha mwambie ajiandae, na kesho mkifika hospitali mpitie upande wa kushoto, umshike mkono kwenye ngazi, maana upande huo haoni.