Bangili Nakurudishia, Mama

Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Usingizi unaupata, au titi bado linakukataza kulalia ubavu wa kushoto? Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Bangili yako imefika. Mjomba Khamis alinikabidhi uwanja wa ndege ikiwa imefungwa kwenye leso, pamoja na maagizo yako: "Mwambie huyo daktari wake asipunje, na asinichanganyie na dhahabu ya mtu mwingine." Mjomba akacheka. Kisha akaniambia kwamba tangu Idi hujakanyaga hospitali, unasubiri dawa ya mwanao. Nilikaa palepale, juu ya mabegi ya watu.

Mama, kosa ni langu. Siku ya Idi nilikwambia kwenye simu kwamba huku kazini wanatengeneza chembe za dhahabu, ndogo hata jicho halizioni. Wanazidunga mwilini, zinajikusanya kwenye uvimbe, uvimbe unaonekana kwenye picha, kisha wanazimulika zipate joto ziuchome. Yote ni kweli. Ila sikukwambia wanaodungwa ni panya. Niliona haya kusema kwamba mwanao uliyemsomesha ni karani wa kuandika panya: yupi kapona, yupi kafa. Juzi niliandika mmoja ambaye uvimbe wake ulikwisha kabisa. Kesho yake tulimkuta amekufa.

Nilimwendea daktari wa hapa kazini na bangili yako mkononi, kama mwendawazimu. Aliifungua leso, akaitazama, akasema:

"Mwanangu, kwa watu bado. Na mama yako asisubiri hata siku moja."

Nikamuuliza, bado mpaka lini? Akaikunja leso, akanirudishia.

Naogopa, Mama. Naogopa kwamba miezi hii yote nimekuibia mimi. Sijui kama hospitali watasema njia ingalipo. Lakini ile dawa yao inayokutapisha ndiyo dawa iliyopo. Nyingine sina.

Barua hii na bangili anarudi nazo Mjomba. Nisalimie Dada Zuhura anayekuuguza hapo Kerege. Mwambie asikusikilize ukisema "kesho". Na Baba Mdogo wa Kaole, namwomba yeye ndiye akupeleke, asikuache mlangoni.

Nenda umevaa bangili yako. Mjomba anasema umekonda sana. Kama inakutoka mkononi, ifunge kwa uzi, lakini nenda.

Mwanao aliyekuchelewesha,
Salim