Kilele cha Nyumba ya Mhoja

Somanda, Bariadi
12 Oktoba 2024

Mpendwa kaka Paschal,

Mwangaluka! Hujambo huko Tunduru? Kifua je, kimepoa? Sisi tunapumua, ila siwezi kukudanganya kwamba hatujambo. Masele anakuja huko kutafuta kazi, nimempa barua hii akukabidhi mkononi, maana simu zetu hupokei.

Mvua za kwanza zinanyemelea. Ng'ombe wamekonda sana.

Jumanne tulipata wageni kutoka Mwanza, wanafunzi wa usanifu majengo. Walitaka kutembezwa alikojenga babu wa babu yetu, Mhoja, yule fundi aliyewajengea watemi kabla Wajerumani hawajafika. Baba mdogo Ndaki aliwaongoza kwa miguu tangu barabarani, na unamjua, akipata wasikilizaji hafungi mdomo. Aliwaonyesha lilipokuwa boma la mtemi, ambapo siku hizi bodaboda wanaegesha, na uwanja ambapo Mhoja alikuwa akichora nyumba kwa majivu kabla ya kuchimbia nguzo. Nyumba zake zote mtaani zimekwisha. Imebaki hii yetu.

Tulipoingia ndani, binti mmoja alitazama juu akaona mawingu. Nyasi za kilele zimeoza tangu baba afariki, maji yanateremkia nguzo ya kati, na mchwa wameshaipanda. Akauliza mbona hatuzibi. Niliona aibu, kaka. Ningemwambia nini? Kwamba katika ukoo wetu kilele hufungwa na mtoto wa kiume wa kwanza, na mdogo hakigusi mkubwa wake akiwa hai? Kwamba mkubwa huyo kila mwaka anasema anakuja?

Mama aliniwahi. "Mwanangu wa kwanza alishakufa," alisema, tena kwa Kiswahili, ili wageni waelewe. Baba mdogo akawageuza wageni kurudi barabarani. Matembezi yakaishia hapo.

Nina hasira na wewe, na ninakulilia. Jumamosi ya tarehe 26 ukoo unakaa matanga yako. Wakishanyoa nywele za msiba, mdogo wetu Mayige atapanda kufunga kilele, na tangu hapo huna mlango hapa hata uje na lori la zawadi. Mimi nimegoma kunyolewa. Panda basi, kaka, wakuone kwa macho yao.

Msalimie wifi Flora na mtoto Shida. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Nilimwomba mama akutumie salamu, akakataa. Leo asubuhi amenyolewa, ametangulia wote.

Mdogo wako akupendaye bado,
Felisita