Mlango Uliomgonga Yusra

Ujiji, 3 Juni 2025

Mwanangu Yusra,

Salaam aleykum. Sisi hatujambo, ila goti langu lina maneno yake. Jirani yetu Mwasiti amerudi kutoka kupeleka mawese huko Dar. Anasema alikuona sokoni umejifunika mtandio hadi puani, na chini ya jicho pamevilia damu. Nikikupigia simu ya video hupokei. Kuna nini? Mkwe wangu Nuhu hajambo?

Mama yako

Dar es Salaam, 4 Juni

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Sisi wazima, Nuhu anakusalimu. Hilo la usoni ni mlango tu, niliugonga umeme ulipokatika. Na kamera ya simu ni mbovu. Usijali.

Mwanao

Ujiji, 5 Juni

Yusra,

Mlango huo naujua. Ulimgonga mama yako mdogo Zuleha kule Kidahwe miaka nenda rudi, mpaka mjomba wako Swaibu alipokwenda kumchukua kwa mumewe. Swaibu huyohuyo kapanda treni leo. Fungasha nguo zako na za watoto.

Mama

Dar es Salaam, 5 Juni, jioni

Mama,

Shikamoo tena, na unisamehe. Nuhu hajanigusa. Nilichomwa sindano za kuamsha kolajeni, ile inayoikaza ngozi. Wanachoma mashavuni, kisha ngozi inajijenga yenyewe polepole. Moja iligusa mshipa, damu ikavilia. Nuhu sikumwambia; aliponiona alitaka kunikimbiza hospitali, na sasa ndiye anayenikanda mashavu kama daktari alivyoagiza. Yote haya kwa sababu muuza vitenge, rika langu kabisa, aliniamkia shikamoo. Niliona aibu kukwambia. Kamera ni nzima, nipigie uone. Na mjomba umrudishe, tafadhali.

Mwanao

Ujiji, 6 Juni

Mwanangu,

Alhamdulillahi. Nimekuona, nimecheka mpaka nimelia. Leo ndiyo chai imepita kooni. Uso wako mzuri, ingawa hata ule wa zamani sikuuona na kasoro, maana ni wangu.

Mjomba harudishiki. Treni imeshapita Tabora na simu kaizima, unamjua akikasirika. Mpokeeni nyote wawili stesheni, Nuhu asimame nyuma yako mpaka umalize kueleza. Kawabebea samaki, migebuka ya huku ziwani.

Ila siku mlango ukiwa ni mtu kweli, usitafute maneno. Njoo. Kitanda chako nilikitandika juzi, na sikitandui.

Mama yako