Sufuria Niliyoitoboa Siku ya Matanga Yako

Papa Amani,

Usiseme sijakusalimia. Nilikusalimia kaburini, mbele ya watu, kwa heshima, na koti la kuazima. Sasa tuko wawili tu, na mi nina hasira na wewe, kwa hiyo tulia usikilize. Safari hii huwezi kunikata maneno na kuniita Muheshimiwa.

Siku ya kumaliza matanga kaka yako mkubwa alitandika mkeka nyuma ya jiko lako hapa kambini Dzaleka, akapanga vyombo vyako vile inavyofanywa kwetu Fizi: kalibu ya kutengenezea golori, kijiko cha kumiminia, sufuria ya kuyeyushia madini ya risasi, na ule mtambo wako wa kushindilia. Fundi akifa, mwanafunzi wake anakaa kwenye mkeka, anapokea vyombo na kazi pamoja. Nikaitwa. Watu wote wakaniangalia, na sikatai, nilipendeza.

Wakaanza kuusifu mtambo. Hapo njo hasira ilinipanda.

Unakumbuka ilivyoanza, tukiwa bado na ateliye, karakana yetu ya Area 23 mjini Lilongwe. Yule Bwana wa Area 18, mstaafu mwenye kibali chake na bastola ya zamani ya baruti nyeusi, alikuwa anapenda kwenda shambani kwake Madisi kupiga vibao vya mbao. Bastola ile haili risasi za dukani. Kila chumba cha ile ngoma yake inayozunguka unatia baruti, unaweka golori iliyozidi tundu kidogo, unaishindilia kwa mkono wake wa chuma mpaka inachongeka pete nyembamba pembeni, halafu nyuma unavisha fataki ya kuwashia. Ulinifundisha kwamba golori lazima iwe ya risasi laini, ya mabomba ya zamani au ya vile vipande vya kuzibia paa. Unaminya kwa ukucha. "Ukucha ukiteleza, rudisha," ulisema. Mi mwenyewe nilikuwa naminya mpaka ukucha umekuwa mweusi, nikiwaonyesha wasichana kwamba ni kazi ya siri.

Risasi laini ilipoisha, Bwana akaleta ya betri za magari. Ngumu. Golori zikagoma, mkono wa bastola ukapinda. Mambo yangeishia pale. Ukucha ulikuwa umeteleza, Papa Amani, tungerudisha.

Lakini we na kiburi chako cha ufundi. Ukachonga ubao, ukafunga mkono mrefu, ngoma ikawa inatolewa kwenye bastola na kusimamishwa peke yake, na hata bibi mzee angeshindilia golori ngumu akiwa amekaa. Ulikuwa mtambo mzuri, nisidanganye. Mpini niliulainisha mimi kwa tupa, na mpini njo sehemu nzuri kuliko zote. Bwana alicheka kama mtoto. Tangu siku ile ikawa betri tu, maana we ndiye uliyezifungulia njia.

Halafu serikali ikasema wakimbizi wote warudi kambini. Ateliye ikafungwa, sufuria ikahamia nyuma ya jiko lako. Dereva wa Bwana akawa analeta magunia ya betri, we unazipasua kwa shoka, maji yake makali unayamwaga palepale mwanao Amani anapochezea makopo. Nilikuuliza kuhusu ule moshi wa sufuria. Ukanionyesha kikombe cha chambiko, maziwa ya mgando. Mafundi wote tunaamini hivyo, wa kuchomelea, wa rangi, wote: maziwa yanaosha tumbo. Hata mi niliamini. Kila jioni unakunywa, unapangusa sharubu, unasema: "Njo hivyo, Muheshimiwa, sumu yote imetoka."

Haikutoka. Tumbo lilikusokota mpaka ukalia, na we si mtu wa kulia. Kiganja kikalegea kwenye kifundo, nyundo ukashindwa kuiinua. Kaka yako akasema ni jirani amekuroga. Kanisani wakafunga na kukuombea. Mi nikaongeza chambiko! Unaona? Tukakunywesha zaidi. Hospitali ya Lilongwe daktari alipima damu akasema ni ile risasi tunayoyeyusha, imekujaa mwilini, na mtoto naye aletwe haraka. Ulikuwa umeshaanza kutetemeka, sijui kama ulisikia.

Amani anayo pia. Kidogo kuliko wewe, lakini anayo. Njo maana alikuwa analia bure na kukataa chakula, na sisi tunasema amedekezwa. Daktari alisema inaweza kushuka kama tutamtoa kwenye lile vumbi la betri nyuma ya jiko.

Sasa nikalie mkeka juu ya vumbi lilelile? Dereva alikuwa amesimama pale na gunia lingine, ametumwa kutoa pole na kuleta kazi kwa mkupuo mmoja. Kaka yako akasema, "Mutoto, kamata kazi ya mukubwa wako." Na nikasikia shangazi mmoja anamwambia Mama Amani kwamba sufuria ile bado nzima, isuguliwe na majivu ipikie maharage.

Nikachukua msumari na nyundo, nikaitoboa. Mara nyingi. Chombo cha marehemu, kwenye mkeka wa matanga. Nikasema, "Huyu mtoto hatakula humu."

Mama Amani alinipiga kofi, Papa Amani. Kofi la kweli. Kaka yako akasema nina shetani. Dereva akarudi na gunia lake, na kalibu nilimtupia ndani ya gari, akampelekee Bwana. Mtambo niliuvunja nyumbani. Mpini niliutazama sana kabla ya kuutia motoni.

Asubuhi mlango ukagongwa. Mama Amani, na jembe. Hakuomba msamaha, hakusalimia. Alisema tu, "Twende tuchimbe." Tukauchimba uwanja wako, vitambaa puani, udongo wote wa pale tukautia kwenye magunia, mtu wa hospitali akaja kutuonyesha pa kuuzika mbali na visima. Amani analala kwa mama yangu siku hizi. Anakula nsima, ugali wa huku, kama mwanajeshi na ananitukana kwa Kichewa.

Bado nina hasira. Na wewe, na kile kikombe, na Bwana ambaye amenitumia ujumbe kwamba sasa ana risasi laini. Nafunga bawaba za milango na kunoa majembe, na watu wanasema nakushinda. Wanasema kweli.

Pumzika basi, mzee wangu. Mi nitampakia Amani kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, na kumpeleka kupimwa kila watakapotuita, hata akiniuma njiani. Akiwa mkubwa na kuuliza nani alikuua, watamwambia ni jirani. Mi nitamwambia ni wewe, mbele ya kaka yako, na nitamwambia pia kwamba nilikupenda.