Pole na Mguu

Wifi yangu Zuhura, wewe uliyenikorogea uji nilipokuwa siwezi kutafuna, nakusalimu kutoka Ujiji.

Leo nilikuwa mwaloni nanunua migebuka, upepo wa ziwa ukanivua mtandio niliojifunikia uso. Nikasubiri muuzaji aushangae uso wangu. Mama wa watu akatazama ninavyochechemea: "Pole na mguu, dada. Umeanguka?"

Nikamwambia sikuanguka, madaktari walitoa mfupa mguuni wakanijengea taya baada ya kukata ule uvimbe. Akacheka sana akidhani namtania, akaniongeza samaki mmoja.

Nimemla kwa ugali, wifi, natafuna upande uleule uliojengwa, mawese yananichuruzika kidevuni. Mungu akutunze kwa kila kikombe cha uji. Mtandio nimefungia dagaa wako ninaokutumia.

Wifi yako, Mwajuma